Kwa nini mvua haiji kwa kipimo kimoja kote nchini

MWEZI Julai, mahindi ya mkulima wa Kitale huwa yangali yakinyeshewa, ilhali mwenzake wa Makueni huwa ameshaagana na mvua ya masika na anangojea vuli. Wote ni Wakenya na kalenda yao ni moja. Kinachowatofautisha ni umbo la nchi.

Kenya imepitiwa na Ikweta. Mahali jua linapokuwa utosini, hewa hupata joto na kupaa, nazo pepo za kusi na kaskazi hukutana hapo na kukusanya mawingu. Ukanda huo hulifuata jua, ukapita juu ya nchi mara mbili kwa mwaka. Unapoelekea kaskazini huleta masika, kati ya Machi na Mei. Unaporejea kusini huleta vuli, kati ya Oktoba na Desemba.

Lau nchi ingekuwa tambarare, maelezo yangekomea hapo. Lakini pepo zenye mvuke kutoka Bahari Hindi zinapoukabili Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199, hulazimika kupanda. Huko juu hupoa, mvuke ukageuka mvua, na wakazi wa Embu na Meru wakaneemeka. Zinapoteremka upande wa pili, kuelekea Nanyuki na Laikipia, huwa zimekwisha kumwaga sehemu kubwa ya maji yake.

Magharibi, Ziwa Victoria lina mvua yake. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka ziwani na kupanda miinuko ya Nandi na Kericho, na alasiri radi hunguruma. Isitoshe, katikati ya mwaka eneo hilo hupokea unyevu kutoka bonde la Kongo. Ndiyo sababu Trans Nzoia ina msimu mmoja mrefu, na Kakamega hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka.

Lodwar hupata takriban milimita 200 pekee. Kati ya nyanda za juu za Kenya na za Ethiopia pana uwazi ambamo upepo hubanwa na kwenda kasi, ukapita na unyevu wake bila kupanda na kufanya mawingu.

Huko Ukambani, vuli ndiyo ya kutegemewa zaidi kuliko masika. Hata hivyo, nayo hufuata joto la Bahari Hindi: mwaka 2019 ilileta mafuriko, na kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022 misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha kaskazini na mashariki mwa nchi.

Kwa hivyo, tangazo kwamba mvua imekaribia si amri ya kila mtu kupanda. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa utabiri wa kila eneo, na huo ndio wa kuzingatiwa. Mkulima wa Makueni anayefuata msimu wa Kitale huenda akapoteza mbegu, mbolea na chakula cha mwaka mzima.