Mwezi Mwandamo na Chenga za Picha: Kwa Nini Kamera Huona Kisichoonekana kwa Jicho?

Jioni ya tarehe 29 Shaabani ya kila mwaka, katika miji ya Nizwa, Ibra na Sur nchini Oman, macho huelekezwa magharibi mara jua linapozama. Swali ni moja: je, mwezi umeandama? Jawabu lake huamua saumu ya mamilioni ya watu, na kwa familia zenye jamaa Zanzibar na Mombasa, simu haziachi kulia usiku huo.

Mwaka 2024 Saudi Arabia ilianza Ramadhani tarehe 11 Machi, na Oman tarehe 12. Kwa hesabu za falaki, mwezi ulikuwa umezaliwa tarehe 10 Machi, saa 7 mchana kwa saa za Oman. Jua lilipozama siku hiyo, umri wake ulikuwa saa 5 hivi. Mmarekani Stephen James O'Meara, aliyesifika kwa kuuona mwezi mchanga mno kwa macho matupu mwezi Mei 1990, aliuona ukiwa na umri wa saa 15 na dakika 32.

Kwa nini basi mwezi uliopo angani usionekane? Wengi hudhani kinachohitajika ni darubini kubwa zaidi. Wataalamu wanasema kizuizi kikubwa si udogo wa mwezi, bali mwangaza wa anga inayouzunguka, pamoja na chenga zake.

Msikilizaji wa masafa mafupi anaifahamu hali hii. Sauti ya mtangazaji inapozidiwa na mikwaruzo, kuongeza sauti ya redio hakusaidii, kwani mikwaruzo nayo huongezeka. Katika picha, mikwaruzo hiyo ndiyo chenga: vile vidoadoa vinavyochezacheza kwenye televisheni yenye mawimbi hafifu.

Chanzo chake kimo katika nuru yenyewe. Nuru hunyesha kama matone ya mvua, chembe moja moja zinazoitwa fotoni, na ndoo mbili zilizowekwa kwenye mvua moja hazikusanyi matone sawasawa. Tuseme sehemu moja ndogo ya picha, yaani pikseli, imepokea fotoni 10,000 kutoka angani. Kuyumba kwa idadi hiyo ni sawa na kipeuo chake cha pili, yaani 100. Ikiwa mwezi unaongeza fotoni 50 tu, nyongeza hiyo humezwa na chenga.

Mwaka 1948, mwanafizikia Albert Rose alieleza kwamba ili kitu kitambulike kwa uhakika, alama yake haina budi kuzidi chenga kwa takriban mara 5.

Dawa ni kujumlisha picha nyingi. Katika picha 100, fotoni za mwezi hufikia 5,000, na za anga 1,000,000, ambazo kuyumba kwake ni 1,000 tu. Mwezi umeongezeka mara 100, chenga mara 10. Sasa kipimo cha Rose kimetimia. Kwa njia hiyo, tarehe 8 Julai 2013, Mfaransa Thierry Legault aliupiga picha mwezi karibu na Paris, mchana, wakati uleule wa kuzaliwa kwake. Aliikinga darubini isifikiwe na jua, akatumia mionzi ya infraredi, ambayo hewa huitawanya kidogo.

Mahali nako kuna uzito wake. Vumbi la jangwa la Sharqiyah, jirani na Ibra, na unyevu wa bahari mjini Sur hutawanya nuru na kuufifiza mwezi. Katika Jabal Shams, mkoani Ad Dakhiliyah, kwenye kimo cha mita 3,000 hivi, hewa ni nyepesi zaidi. Aidha, jua huzama Nizwa takriban dakika 8 baada ya Sur, na katika muda huo mwezi huzidi kidogo kujitenga na jua.

Hata hivyo, kamera nayo yaweza kudanganya. Kidoa cha vumbi kilichomo ndani yake hurudiwa katika kila picha, nacho hujumlishwa pamoja na mwezi. Ndiyo maana wataalamu hupiga pia picha za anga tupu ili kuziondoa kasoro hizo. Jicho pia lina chenga zake: likichoka na kutarajia mno, ukingo wa wingu huweza kugeuka mwezi.

Linabaki swali la kisheria: kamera iliyojumlisha picha mia imeona, au imehesabu? Wapo wanazuoni wanaoikubali, na wapo wanaoshikilia jicho la mwanadamu. Fizikia haina uwezo wa kuwaamulia. Inachoweza ni kuupima ushahidi. Mtu wa Ibra asemapo hakuuona mwezi, hiyo si dalili kwamba haukuwapo. Na asemapo mwingine ameuona, ilhali hata picha mia za anga safi zilizojumlishwa hazikuuonyesha, ni haki aulizwe mara ya pili.