Saruji ya Kihonda Ipimiwe Kihonda

Mtu anayejenga Kihonda, mjini Morogoro, iwe Magorofani au upande wa Viwandani, akienda duka la vifaa vya ujenzi kutafuta saruji ya kufunga lenta anaweza kuonyeshwa Twiga, Simba, Dangote, Camel na Nyati. Majina matano, rangi tano za mifuko, na bei zinazopishana kidogo tu. Ni rahisi kuamini kwamba viwanda vinachuana vikali na mnunuzi ndiye anayefaidi. Huenda ni kweli, lakini idadi ya majina dukani haithibitishi hilo, wala asilimia za mauzo ya nchi nzima ambazo wachambuzi hupenda kuzitaja. Ili kujua kampuni gani inafanya vizuri kuliko wenzake na kwa sababu gani, lazima kwanza useme soko unalolipima linaanzia wapi na kuishia wapi, kisha useme kila mfuko ni mali ya nani.

Suala hili limewahi kuamuliwa kisheria hapa nchini. Mwaka 2021 kampuni ya Scancem, iliyo chini ya Heidelberg ya Ujerumani na inayomiliki sehemu kubwa ya Twiga, ilikubaliana kununua asilimia 68.33 ya hisa za Tanga Cement, watengenezaji wa Simba. Tume ya Ushindani iliridhia mwaka 2022, lakini Septemba mwaka huohuo Baraza la Ushindani likautengua uamuzi huo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, kama ilivyokuwa wakati ule, ilitaja asilimia 35 ya soko kuwa mpaka ambao kampuni ikiuvuka inaweza kuhesabiwa kuwa na nguvu ya kulitawala, na kampuni hizo mbili zikiungana zilionekana kuuvuka. Mwaka 2023 Tume iliridhia tena, ununuzi ukakamilika mwishoni mwa mwaka, na mwaka 2024 sehemu kubwa ya hisa hizo ikauzwa kwa Amsons. Mabishano yote hayo yalizunguka asilimia. Lakini asilimia ya nini? Sheria yenyewe inaruhusu soko liwe Tanzania nzima au sehemu yake tu, na kwa bidhaa nzito kama saruji uamuzi huo mmoja unaweza kugeuza hesabu yote.

Mfuko una kilo 50, kwa hiyo tani moja ni mifuko 20, na kila shilingi 20,000 ya nauli kwa tani inaongeza shilingi 1,000 kwenye mfuko. Kutoka Wazo Hill, kiliko kiwanda cha Twiga, hadi Morogoro ni takriban kilomita 200. Lori la Simba linatoka Pongwe, Tanga, linapita Segera na kuingia barabara ya Morogoro pale Chalinze, safari ya zaidi ya kilomita 300. Kiwanda cha Dangote kiko Mtwara, na saruji yake hukata zaidi ya kilomita 700 kabla ya kushushwa Kihonda. Kwenye jedwali la kitaifa Dangote ni mpinzani mkubwa sana, maana kiwanda chake kilijengwa kuzalisha tani milioni 3 kwa mwaka. Kwa mjenzi wa Kihonda, wapinzani wa karibu wa Twiga ni Simba na viwanda vingine vya Dar es Salaam. Ndiyo maana muungano wa Twiga na Simba ungeweza kuuma zaidi Morogoro kuliko Lindi, jirani na Mtwara, hata kama asilimia ya kitaifa ingebaki ileile.

Watakaopinga watasema Twiga ikipandisha bei kupita kiasi, Dangote ataongeza malori, na uwezekano huo peke yake unatosha kuwatia adabu walio karibu. Hoja hii ina uzito, na wataalamu wa ushindani huipima kwa swali jepesi: bei ikipanda kwa asilimia 5 na kubaki hapo, wanunuzi watahama? Tuseme mfuko ni shilingi 16,000; nyongeza ni shilingi 800. Kama tofauti ya nauli kati ya Mtwara na Wazo ni zaidi ya hiyo, Dangote hana sababu ya kuyaongeza, na kiwanda cha karibu kinaweza kuiweka nyongeza hiyo mfukoni bila wasiwasi. Mjenzi naye hawezi kununua mingi na kuiweka akisubiri bei ishuke, kwa sababu saruji ikinyonya unyevu huganda. Mwishoni mwa mwaka 2020 bei ilipopaa na Serikali ikalazimika kuingilia kati, uwezo mkubwa wa viwanda uliokuwa ukitajwa kwenye takwimu haukumzuia mnunuzi kuumia.

Umiliki nao unapotosha hesabu. Amsons, wenye Camel, sasa wanaidhibiti pia Tanga Cement, na wamenunua hisa nyingi za Mbeya Cement inayotengeneza Tembo. Anayezihesabu Simba na Camel kama wapinzani wawili pale Kihonda anaihesabu kampuni moja mara mbili. Tena viwanda vinavyosaga tu, visivyo na tanuri, hulazimika kununua klinka, inayosagwa kuwa saruji, nje ya nchi au kwa mshindani, na anayekuuzia malighafi hawezi kukuogopa sana.

Wengine watataka tutazame faida, kwa kuwa Twiga na Tanga Cement zimeorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam na hesabu zao ziko wazi. Zisomwe, ila kwa tahadhari. Kampuni iliyokopa kujenga tanuri jipya inaweza kuandika hasara kwa sababu ya riba huku ikiuza vizuri, na nyingine ikapata faida nono kwa sababu tu hakuna anayeisumbua jirani. Kipimo ninachokiamini ni bei ya mfuko dukani Kihonda, toa gharama ya kuzalisha, toa nauli na faida ya muuzaji, ifuatiliwe mwezi hadi mwezi na kupangwa kwa mmiliki badala ya jina la mfuko. Viwanda vitadai kwamba hizo ni siri za biashara, lakini Tume ina mamlaka ya kisheria ya kuzidai, na inaweza kuchapisha wastani wa kila mkoa bila kufichua mkataba wa mtu yeyote.