Uvimbe wa Taya na Askari wa Mwili

Mhariri ameniomba niandike neno juu ya kazi yangu, nami nimekubali kwa furaha. Niliondoka shuleni hapa mwaka 2006, na leo ni muuguzi katika wodi ya watoto. Napenda kuwaeleza maradhi yaliyonifanya niichague kazi hii.

Katika mwaka wangu wa pili hapa shuleni, mdogo wangu, mwenye umri wa miaka sita, alianza kuvimba taya. Nyumbani tulidhani ni jino. Akapakwa dawa ya majani, kisha akang'olewa jino, lakini uvimbe ulizidi kila siku. Alipofikishwa hospitali zilikuwa zimekwisha pita wiki sita, na hakurudi tena nyumbani. Jina la ugonjwa ule sikulijua mpaka nilipokwenda chuoni.

Huitwa limfoma ya Burkitt, nayo ni kansa inayowapata hasa watoto. Mwaka 1957 Dr. Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Baada ya muda mfupi akamwona mwingine huko Jinja. Mwaka 1958 aliandika habari zake, na mwaka 1961 yeye na rafiki zake wawili walisafiri kwa motokaa kiasi cha maili 10,000 hata Afrika ya Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Wakaona kwamba maradhi haya huwa mengi penye joto na mvua, na malaria kwa wingi.

Kansa hii hukua upesi mno. Uvimbe waweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili. Dawa kali za kansa huwaponya watoto wengi, lakini ikiwa imekwisha enea katika uboho wa mifupa au ubongo, hatari ni kubwa zaidi. Hapo ndipo msaada mpya ulipotakiwa.

Kila mwili una askari wake, yaani chembe nyeupe za damu. Baadhi yake hutengeneza antibodi, vitu vidogo sana vinavyomganda adui ili askari wengine wamtambue na kumwua. Shida ni kwamba kansa hii hutoka katika chembe hizo hizo, kwa hiyo askari hudhani ni ndugu yao, wakaiacha.

Mwaka 1975 Köhler na Milstein, huko Cambridge, walipata njia ya kutengeneza antibodi za aina moja tu, nyingi kadiri itakiwavyo. Kutokana na ufundi huo ikapatikana rituksimabu, ambayo Marekani iliiruhusu kwa watu wazima mwaka 1997. Hutiwa mshipani polepole, nayo hushika alama iitwayo CD20 juu ya chembe za kansa. Hapo askari huzitambua na kuziua. Chembe nzuri zenye alama hiyo hufa pia, lakini zile zinazozizaa, zilizomo ndani ya uboho, hazina alama. Baada ya miezi mpya hutokea. Kwa muda huo mtoto hushikwa kwa urahisi na maradhi mengine, na lazima alindwe.

Je, inafaa? Mwaka 2020 yalitangazwa matokeo ya majaribio ya watoto na vijana 328 wenye kansa hii au za jamii yake, katika hali ya hatari. Wote walipewa dawa kali za kawaida, na nusu yao wakaongezewa rituksimabu mara sita. Baada ya miaka mitatu, katika kila 100 wa dawa za kawaida peke yake, karibu 82 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi. Kwa wale walioongezewa, karibu 94.

Lakini msidhani kwamba dawa hii hufanya kazi peke yake. Majaribio yalifanywa Ulaya, Amerika ya Kaskazini na kwingineko penye hospitali kamili, na dawa yenyewe ni ghali.

Tena, rituksimabu huitambua chembe ya kansa, bali haiwezi kumtambua mtoto aliye kijijini. Kazi hiyo ni yetu. Ukimwona mtoto anayevimba taya au tumbo kwa haraka, au meno yake yanalegea pamoja bila sababu, waambie wazazi wampeleke hospitali kubwa siku ile ile. Sisi tulingoja wiki sita. Ninyi msingoje hata moja.