Misale Ikichanika, Usikimbilie Selotepu



Nikiwa likizo parokiani, mama mmoja mzee wa jumuiya yetu alinikabidhi Misale ya Waumini yake. "Frateri," aliniambia, "kurasa zinanikimbia." Kweli zilikuwa zinakimbia. Za Wiki Kuu zilikuwa zimechomoka zote, na ukurasa mmoja wa nyuma, alipokuwa ameandika kwa kalamu jina la marehemu mume wake na tarehe ya kufariki, ulikuwa umechanika hadi katikati. Nilinunua selotepu, nikafanya kazi nusu saa, nikamrudishia nikijiona fundi.

Likizo iliyofuata Misale ilinirudia ikiwa na hali mbaya zaidi. Kwa joto la Mwanza gundi ya selotepu ilikuwa imechuruzika pembeni na kugandisha kurasa mbili. Ukurasa wa nyuma ulikuwa umechanika upya, safari hii kandokando ya selotepu, mstari ulionyooka kama umekatwa kwa wembe. Wino wa lile jina ulikuwa umetawanyika. Mama hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma.

Tangu hapo nimejifunza kwa kusoma, kuuliza na kuharibu vitabu vyangu mwenyewe kwanza. Jambo moja nililolielewa linashangaza kidogo: kiraka kizuri cha kitabu ni kile kilicho dhaifu kuliko karatasi yenyewe. Ukurasa wa Misale ni mwembamba na hukunjwa kila Jumapili. Ukiubandika kitu kigumu, pale kilipobandikwa hautakunjika tena, kwa hiyo nguvu yote ya mkono inahamia ukingoni mwa kiraka, na hapo ndipo utakapochanika. Kiraka dhaifu, kitabu kikivutwa, huachia chenyewe kwanza. Unabandika tena, na ukurasa umebaki mzima.

Jambo la pili linafuatana na hilo. Chochote unachoweka kiweze kutolewa, maana huenda umekosea, na atakayekuja baada yako atajua zaidi yako. Selotepu haitoki bila kuondoka na maandishi. Uji wa ngano unatoka kwa pamba yenye maji.

Ndiyo, uji. Chukua kijiko kimoja cha unga mweupe wa ngano na vijiko vitano vya maji ya baridi, koroga mpaka mabonge yaishe, kisha pika kwa moto mdogo bila kuacha kukoroga mpaka uwe mzito na uanze kung'aa. Ukipoa, uchuje kwa kitambaa safi. Wanga wa muhogo nao unafaa: kuna muhogo, kamua, acha maji yatuame, mwaga ya juu, kausha ile nyeupe iliyobaki chini. Pika kidogo tu, kwa sababu baada ya siku mbili tatu utaanza kuota ukungu. Kuna wanaotia mrututu ili kuzuia wadudu. Ni sumu, na kitabu cha sala hushikwa na watoto na wazee wanaolamba kidole ili kufungua ukurasa. Usitie. Paka uji mwembamba na ufute unaozidi, maana mende nao wanaupenda.

Karatasi ya kiraka ilinisumbua zaidi. Mafundi wa maktaba kubwa hutumia karatasi ya Kijapani yenye nyuzi ndefu, na sijawahi kuiona katika duka lolote la vifaa vya ofisi mjini. Nilichokipata kiko jikoni: mfuko wa majani ya chai, ule wa kukunjwa na kufungwa kwa uzi na pini. Karatasi yake kwa kawaida hutengenezwa kwa nyuzi za mmea wa abaka, jamii ya mgomba, nazo ni ndefu, ndiyo maana haipasuki kwenye maji ya moto. Mwaga majani ya mfuko ambao haujatumika, unyooshe. Mifuko iliyofungwa kwa kuchomwa huwa na plastiki ndani yake, iache. Usikate kiraka kwa mkasi. Kilowanishe mstari kwa maji, ukichane taratibu kwa mkono, ili ukingo ubaki na nyuzi zinazoshikamana na ukurasa bila kuweka ngazi.

Kisha unganisha mpasuko kama ulivyokuwa, ukiangalia upande upi ulikuwa juu ya mwenzake, paka uji mzito (ukiwa na maji mengi ukurasa utajikunja), laza kiraka, weka nailoni chini na juu, halafu gandamiza kwa kitu kizito mpaka kesho yake. Mwanza hatujapungukiwa mawe. Ukurasa uliochomoka mzima unapakwa uji kwenye ukingo wa ndani tu, upana wa punje ya mchele, kisha unarudishwa mahali pake. Kabla ya yote hayo, ikiwa kuna mwandiko wa mkono, gusa herufi moja ya pembeni kwa pamba iliyolowa kidogo. Rangi ikihamia kwenye pamba, simama hapo hapo.

Vitabu vya kwaya vina ugonjwa wao. Vingi ni vijitabu au fotokopi za nota zilizobanwa kwa pini, na unyevu wa ziwa huzipa pini kutu, kutu nayo inakula karatasi kuizunguka. Dawa ni kuzing'oa polepole na kushona kwa uzi mahali pa mkunjo, matundu matatu yanatosha. Hapa pia nilikosea. Nilitumia uzi wa nailoni wa nyavu, kwa kuwa pwani yetu umejaa na haukatiki. Haukukatika kweli, ulikata karatasi. Uzi wa pamba uliosuguliwa kwa nta unafaa zaidi, na vipande vya mishumaa ya altare, vile vyenye nta ya nyuki, sakristia huwa vipo.

Wanaparokia wengi hutunza Misale kwenye mfuko wa plastiki ili isilowe. Mvua ikinyesha ukiwa njiani kutoka jumuiya, sawa. Nyumbani itoe, kwa sababu plastiki inafungia unyevu ndani na ukungu unapenda hivyo. Na kabati la vitabu lisigusane na ukuta wa nje. Mchwa hupitia huko.

Kosa langu, nimegundua, lina wakubwa wake. Mwaka 1819 Angelo Mai, mlinzi wa Maktaba ya Vatikano ambaye baadaye alikuwa Kadinali, alikuta maandishi ya Cicero kuhusu jamhuri yamejificha chini ya ufafanuzi wa Zaburi wa Mtakatifu Augustino, kwenye ngozi iliyofutwa na kuandikwa upya. Sisi wa falsafa tunamshukuru. Lakini ili kuyasoma maandishi ya namna hiyo alitumia dawa ambazo baadaye zilitia ngozi weusi. Mwaka 1898 mkuu wa maktaba ile ile, Mjesuiti Franz Ehrle, aliwaita wataalamu wa nchi mbalimbali kukutana St. Gallen, Uswisi, kujadili namna ya kuokoa maandiko ya kale, yakiwemo yale yaliyoharibiwa na watu wenye nia njema na chupa mkononi.

Kwa hiyo, kuna vitabu ambavyo mimi na wewe tusiviguse. Daftari za ubatizo na ndoa ni za namna hiyo: Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, inataka hata zile za zamani zitunzwe kwa uangalifu. Vivyo hivyo kumbukumbu za kila siku ambazo Mapadre Weupe waliziandika kwenye misioni zao. Ukiona zinachanika, zifunge kwa utepe wa kitambaa, ziweke mahali pakavu, mwambie paroko. Na Misale iliyokwisha kabisa haitupwi jalalani wala kufungiwa maandazi. Desturi ni kuichoma au kuizika kwa heshima.

Misale ya yule mama nilikaa nayo wiki mbili. Selotepu ilitoka kipande kimoja kimoja, na nyingine imeondoka na herufi za Zaburi. Wiki Kuu imerudi mahali pake. Kurasa mbili zilizogandana niliziachanisha, ila tarehe ya kifo haisomeki tena. Nilimwomba anitajie ili niiandike upya. Alichukua kalamu akaiandika mwenyewe, pembeni, polepole, kisha akaniuliza kama naweza kumtazamia na kitabu cha jirani yake.