Je, Wajua? Mng'ao wa Pikipiki Si wa Kromu Peke Yake

Tabaka la kromu kwenye bomba la moshi la pikipiki kwa kawaida halifiki hata mikroni 1; unywele wa binadamu una takribani mikroni 70. Sehemu kubwa ya mng'ao hutoka kwenye nikeli iliyo chini yake. Kromu, iliyogunduliwa na Mfaransa Louis Nicolas Vauquelin mwaka 1797, ni kifuniko kigumu cha kuizuia nikeli isififie.

Kifuniko hicho kina nyufa zisizoonekana kwa macho. Unyevu wenye chumvi, ule wa Mombasa, Tanga au Unguja, hupenya humo hadi kwenye chuma. Vidoadoa vya kahawia, basi, si kromu iliyooza bali ni kutu kutoka ndani.

Kutu changa huondoka kwa karatasi ya aluminiamu, ileile ya kufungia chipsi. Ikunjwe, iloweshwe maji, isuguliwe taratibu. Aluminiamu ni laini kuliko kromu, hivyo si rahisi kuikwaruza. Stilwaya ya sufuria ibaki jikoni! Dawa za choo zenye asidi ya hidrokloriki ni mbaya zaidi, maana huyeyusha kromu yenyewe.

Baada ya hapo: maji yasiyo na chumvi, kitambaa kikavu, kisha nta ya gari kuziba nyufa.

Rangi ya samawati inayojitokeza kwenye bomba karibu na injini ni habari nyingine. Hiyo huletwa na joto, na nta haiizuii.