Kizazi kilichoinama nyuma, na mimba hukua

Katika familia zetu, msichana akiambiwa na daktari kuwa kizazi chake kimeinama nyuma, neno hilo hufika nyumbani limeshageuka. Mara "kizazi kimepinduka", mara "huyu hazai". Haipiti wiki, mama mkwe ashapata khabari na mume ashaanza kupewa ushauri wa ovyo.

Tuliweke sawa. Kwa wanawake wengi mji wa mimba huinamia mbele, juu ya kibofu. Kwa mmoja katika kila watano hivi, huelekea nyuma, upande wa uti wa mgongo. Wengi wamezaliwa hivyo, kama mtu anavyozaliwa anatumia mkono wa kushoto. Wengine umevutwa nyuma na makovu ya maradhi ya nyonga au ya endometriosisi, na hapo kinachotibiwa ni maradhi hayo. Kuinama peke yake hakumzuii mwanamke kushika mimba.

Mpwa wangu ameolewa Durban. Mji ule si mgeni kwetu: Chatsworth wapo watu waitwao Wazanzibari mpaka leo, wajukuu wa watumwa walioachwa huru, wengi asili yao Wamakua, ambao Waingereza walianza kuwapeleka huko mwaka 1873. Walikaa King's Rest hadi serikali ya ubaguzi ilipowahamisha miaka ya 1960. Basi binti yetu hakukosa jirani wa kumwambia pole. Picha yake ya kwanza, ya juu ya tumbo, katika wiki ya saba, haikuonesha kitu vizuri, akalia usiku kucha. Kumbe ni kawaida, mji ulioelekea nyuma huwa mbali na kifaa. Alipopimwa kwa kile kinachoingizwa ukeni, ambacho hakidhuru mimba, moyo wa mtoto ukaonekana unapiga.

Ushauri wa kukandwa tumbo "ili kigeuke" haukutoka Durban. Ulitoka kwetu huku, kwa simu! Hauna haja. Kati ya wiki ya 12 na ya 14, mji ukishakua, hupanda wenyewe kutoka ndani ya nyonga, na siku ya kuzaa huwa kama wa mwanamke mwengine yeyote.

Ila kuna jambo moja, nalo ndilo lililonifanya niandike. Kwa nadra sana, kama mimba moja katika 3,000, mji hukwama ndani ya nyonga. Dalili huanza mwezi wa nne: haja ndogo hutoka kwa shida, au matone matone, au hufunga kabisa, tumbo la chini huuma, na choo pia hufunga. Mabinti zetu huona haya kulisema hili, hata kwa mama zao, na kibofu kinazidi kujaa. Hospitali humwekea mpira wa mkojo, na mara nyingi mji hupanda baada ya hapo. Usipopanda, huambiwa akae kama anayesujudu kwa muda, au daktari huusukuma kwa mkono. Hiyo ni kazi ya daktari, si ya mkandaji.

Na Durban hakuna sababu ya kungoja: tangu 1994 huduma za serikali kwa wajawazito wasio na bima ni bure Afrika Kusini. Kwa hiyo mama uliye Maskati au Dubai, mwezi wa nne wa bintiyo ukiingia, muulize kwa simu wazi wazi kama anapata haja ndogo vizuri. Akisitasita, aende hospitali siku hiyo hiyo.