Egetinge na Pete: Tatizo la Majina katika Utambuzi wa Pete za Kale za Wagusii

1. Utangulizi

Katika nyanda za juu za Kisii na Nyamira, si ajabu mtu anayepalilia migomba au kuchimba msingi wa nyumba akafukua duara la metali lililoliwa na kutu. Siku hizi jembe limepata mwenzake, yaani kifaa cha kutafutia metali, ambacho huko Uingereza kimekuwa chombo cha burudani ya watu wengi na ambacho polepole kinajulikana katika Afrika Mashariki. Kila duara linapotoka ardhini huzuka swali moja: hii ni pete gani? Aghalabu jibu hutolewa upesi kwa Kiswahili. Ikiwa duara ni dogo, huitwa pete. Likiwa kubwa, huitwa bangili. Na likiwa zito na lenye kutu nyingi, huenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu bila ya kupewa jina lolote.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba utambuzi wa pete za kale za Wagusii ni kazi ya lugha kama ilivyo kazi ya metali. Jina la Kiswahili linaweza kuwa sahihi kwa sarufi na kwa kamusi, na bado likafuta habari ambayo kifaa chenyewe kilitengenezwa ili kuitangaza. Mfano utakaochunguzwa zaidi ni egetinge, pete ya chuma iliyovaliwa na mke wa Kigusii kwenye kifundo cha mguu.

2. Jinsi Kiswahili kinavyozigawa pete

Kiswahili hakina upungufu wa msamiati katika uwanja huu. Kidole kina pete. Mkono una bangili, kekee na timbi. Mguu una furungu na mtali. Na kikuku hutumika kwa mkono na kwa mguu pia. Pua ina hazama na kipini, na sikio lina jasi, kipuli na herini. Waya mwembamba uliosokotwa kuwa pambo huitwa udodi, na waya mnene wa shaba huitwa masango. Maneno haya mawili ya mwisho yanakumbusha misafara ya karne ya 19, ambayo ilipeleka waya na shanga bara ili kununua pembe na vyakula.

Ukiyatazama maneno haya kwa pamoja, utaona kwamba mengi hugawanya vitu kwa kigezo cha umbo, cha mahali pa mwili, au cha mali ghafi. Neno pete lenyewe huhusishwa na kitenzi -peta, yaani kupinda kitu, na kwa hiyo linataja umbo. Bangili limetoka katika lugha za Bara Hindi pamoja na bidhaa yenyewe. Katika orodha hii hakuna neno linalotaja, kwa maana yake ya msingi, hadhi ya kisheria ya mvaaji. Mwanamke wa pwani angeweza kuvaa furungu akiwa ameolewa au hajaolewa, na furungu likabaki furungu. Mswahili akitaka kutaja hadhi hiyo hana budi kuongeza maelezo: pete ya ndoa, pete ya uchumba.

Hata metali yenyewe haikupambanuliwa kikamilifu. Neno shaba hubeba metali mbili, nasi hulazimika kusema shaba nyekundu au shaba nyeupe tunapotaka kutenga ile safi na ile iliyochanganywa na zinki. Mtu akiandika katika daftari kwamba amepata "bangili ya shaba", msomaji wake hajui ni metali gani, wala ilivaliwa wapi mwilini, wala na nani.

3. Neno egetinge na uzito wake

Katika Kigusii, au Ekegusii kama wasemavyo wenyewe, umoja ni egetinge na wingi ni ebitinge. Neno hili limo katika ngeli inayolingana na ki-/vi- ya Kiswahili. Umbo la kiambishi chake linastahili kuangaliwa. Kiambishi cha umoja ni eke-, kama katika jina la lugha yenyewe, Ekegusii, ambamo shina linaanza kwa konsonanti ghuna. Lakini shina likianza kwa konsonanti isiyo ghuna, kama /t/, basi /k/ ya kiambishi hugeuka kuwa /g/. Hii ndiyo Kanuni ya Dahl, inayojulikana pia katika Kikikuyu na lugha nyingine za Kibantu. Kwa kanuni hiyo neno la mkopo kitabu limekuwa egetabu, na kwa kanuni hiyo hiyo tunasema egetinge.

Jambo hili lina manufaa kwa mtu anayesoma daftari au vibandiko vya zamani katika mikusanyo ya makumbusho. Akikuta tahajia kama "ekitinge" au "kitinge", ana sababu ya kushuku kwamba aliyeandika alilisikia neno kwa sikio la lugha nyingine, au alilipokea kupitia kwa mkalimani. Maelezo mengine yaliyo katika kibandiko hicho yapimwe kwa tahadhari hiyo hiyo.

Uzito wa neno unatokana na sherehe ya enyangi. Philip Mayer, ambaye kazi yake juu ya sheria na desturi za mahari ya Wagusii ilichapishwa mwaka 1950, na Robert LeVine, aliyefanya utafiti huko kuanzia mwaka 1955 hadi 1957, ni miongoni mwa walioweka msingi wa maandishi juu ya ndoa ya Kigusii. Mahari ililipwa kwa ng'ombe. Mume na mke waliweza kukaa pamoja, hata wakazaa watoto, kabla ya enyangi kufanywa. Katika enyangi ndipo mke alipovishwa ebitinge, na kuanzia hapo macho ya jirani yalitosha kujua kwamba ndoa ile imekamilika. Ebitinge hazikuvuliwa ovyo. Kuzivua wakati mume yu hai kulikuwa na maana ya kuikana ndoa.

Aidha, ng'ombe waliotolewa kwa ajili ya binti ndio ambao kwa kawaida kaka yake alioa nao. Kwa hiyo chuma katika mguu wa mwanamke mmoja kilihusu nyumba mbili: nyumba aliyoolewa, na nyumba ya kaka yake iliyojengwa kwa ng'ombe wake. Kukiita kifaa hicho "bangili ya mguuni" ni sawa na kuiita hati ya shamba "karatasi yenye muhuri". Hakuna uongo katika maelezo hayo, lakini mwenye shamba amekwisha kupotea.

4. Ushahidi wa metali

Hapa ndipo tatizo la lugha linapokutana na tatizo la chombo. Vifaa vingi vya kutafutia metali vina mpango wa kuchuja sauti, ili mtumiaji asisumbuliwe na misumari na vipande vya bati. Mpango huo umebuniwa kwa kuwafikiria watu wanaotafuta dhahabu, fedha na shaba. Katika shamba la Uingereza pete inayotafutwa ni ya dhahabu, na mara nyingi ndani yake mna alama za ukaguzi, kama vile nanga ya Birmingham au kichwa cha chui cha London, ambazo humwezesha mtafiti kujua mji, na mara nyingi hata mwaka. Katika shamba la Gusii pete yenye maana kubwa kuliko zote ni ya chuma, haina alama iliyoandikwa, na ndiyo ambayo kifaa kimeamriwa kuinyamazia. Atakayekitumia bila ya kubadili mpango huo atarudi nyumbani na sarafu na vifungo, akadhani kwamba nchi haikuwa na pete.

Udongo nao huchangia. Mvua ya nyanda hizi ni nyingi na udongo wake una asidi, na chuma hakidumu humo kama shaba. Shaba hufunikwa na utando wa kijani na kubakiza umbo lake. Chuma huvimba kwa kutu, kikapasuka matabaka matabaka. Kwa sababu hiyo ncha za duara zitazamwe kwa makini kabla ya kusafishwa. Pale kilipovunjwa na kutu, mvunjiko huwa wa kuchonguka na wenye matabaka. Pale kilipokatwa kwa makusudi, ncha yaweza kuonyesha alama ya chombo. Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho, lakini katika egetinge inaweza kuwa tofauti baina ya kifaa kilichopotea na kifaa kilichovuliwa. Anayekisugua kwa brashi ya waya ili king'ae hufuta jibu kabla ya kuuliza swali.

5. Maduara yasiyokuwa mapambo

Si kila duara ni pete ya mwili. Senti za wakati wa ukoloni, za 1, 5 na 10, zilikuwa na tundu katikati, na zikiliwa na udongo huweza kudhaniwa kuwa pete. Kipande, ambacho wanaume wa Kiafrika walilazimishwa kukibeba kuanzia miaka ya 1919 na 1920, kilitiwa katika kikasha cha metali kilichoning'inizwa shingoni. Vita vya Kwanza vya Dunia vilifika Kisii mnamo Septemba 1914, Waingereza na Wajerumani walipopigana karibu na mji, na baadaye mji na misheni zikaporwa. Pingu za hatamu, vifungo na vipande vya risasi kutoka siku hizo havina uhusiano wowote na ndoa.

Pete ya kidoleni nayo ina historia yake. Wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill walifika Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista Wasabato wakakita Nyanchwa muda mfupi baadaye. Ukatoliki ulikuja na pete ya ndoa. Uadventista ulihimiza waumini waache mapambo. Kwa hiyo katika boma la Waadventista kutoonekana kwa ebitinge wala pete ya dhahabu hakuthibitishi kwamba hapakuwa na ndoa.

6. Utaratibu unaopendekezwa

Kwanza, mahali paandikwe kabla ya kitu kuinuliwa. Wagusii huzika wafu wao nyumbani, na duara lililo chini ya migomba ya boma la zamani huenda limelala pamoja na mwenyewe. Hapo uchimbaji hauna budi kusimama. Pili, sheria ifuatwe. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Inataka leseni kwa anayetafuta vitu vya kiakiolojia, na inamtaka mvumbuzi atoe taarifa kwa Makumbusho ndani ya siku 7. Tatu, jina liulizwe kwa wazee wa mahali hapo kwa Kigusii, na liandikwe kama lilivyotamkwa, kabla ya tafsiri yoyote. Nne, tafsiri ya Kiswahili iandikwe pembeni kama maelezo, isichukue nafasi ya jina.

7. Hitimisho

Leo ndoa za kimila nchini Kenya zinatakiwa kusajiliwa chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, na cheti kimechukua kazi iliyofanywa zamani na chuma cha mguuni. Wanaokumbuka enyangi kwa macho yao wanapungua kila mwaka, na ebitinge zilizosalia ziko ardhini au katika makabati ya makumbusho chini ya majina ya jumla.

Kiswahili kimezoea kukopa kwa jamaa zake palipohitajika. Ikulu ilitoka Unyamwezi, na ngeli, istilahi ambayo kila mwalimu wa sarufi huitumia, ilitoka Uhaya. Hakuna sababu ya kulikataa neno kitinge, wingi vitinge, kwa maana ya pete ya chuma ya mguuni iliyothibitisha ndoa kamili ya Kigusii. Ngeli yake iko tayari, na matamshi yake hayana ugumu. Umbo hilo, ambalo katika kibandiko cha zamani ni dalili ya sikio geni, katika kamusi ya Kiswahili litakuwa mkopo halali. Likiingia katika kamusi, yule atakayefukua duara lenye kutu huko Nyamira atakuwa na neno la Kiswahili la kumzuia asilipeleke mizanini kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.